Jasho la Mfuniko: Utangulizi kwa Anayeanza Elimu ya Ukenekaji

Siku utakapopika mchuzi, uache uchemke ukiwa umefunikwa, kisha inua mfuniko taratibu na uugeuze. Utakuta matone yamening'inia kwa ndani. Gusa moja kwa kidole, lamba. Halina chumvi. Mchuzi lilikotoka tone hilo una chumvi, una pilipili, una rangi ya nyanya, lakini lenyewe ni maji meupe yenye harufu ya kitunguu kwa mbali. Moto umeyainua maji na harufu, ukaiacha chumvi na rangi sufuriani. Mfuniko, kwa sababu una ubaridi kidogo, umeushika mvuke na kuurudisha kuwa maji. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa kukeneka, na umekuwa ukiifanya tangu siku ya kwanza uliposhika mwiko.

Waarabu waliyaita matone ya namna hiyo jasho. Kwa lugha yao jasho ni araq, na kutoka hapo dunia ikapata araki, kinywaji kikali kinachojulikana kuanzia Shamu hadi visiwa vya Indonesia. Mimi napenda tafsiri hiyo kuliko maelezo mengi ya vitabuni, maana inamwonyesha mwanafunzi kitu anachoweza kukiona: chungu kinapata joto, kinatoka jasho, na anayetaka kujifunza anaketi karibu na kulikinga.

Nimefundisha kemia hapa Tabora kwa miaka mingi, na kila mwaka, tukifika kwenye somo la kutenganisha michanganyiko, kuna mwanafunzi anayeinua mkono akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, si ndiyo gongo hiyo?" Darasa linacheka, naye anashusha mkono. Nimeandika kitabu hiki kwa ajili yake. Jibu la swali lake ni ndiyo, ndiyo hiyo, na linastahili kujibiwa kwa kirefu, bila aibu na bila kuficha hatari zake.

Nianze na jambo moja ambalo anayeanza hulisahau kwa haraka. Kukeneka hakuumbi kitu. Kunatenga kilichokwisha kuwamo. Ukiweka maji ya chumvi utapata maji matamu, ukiweka majani ya mchaichai utapata harufu yake, ukiweka pombe utapata kileo kilichokuwa ndani ya pombe, hata tone moja zaidi halitaongezeka. Kama chunguni mna sumu, sumu nayo inaweza kupanda. Kwa hiyo ujuzi mkubwa uko katika kukijua chungu kabla hakijapata moto, na wale wanaokimbilia bomba na pipa kabla ya kujua kilichomo wanaanzia mwisho wa kitabu.

Vimiminika hutengana kwa sababu havitoki kwa joto moja. Usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Ethanoli, yaani kileo cha pombe, huchemka kwenye 78. Methanoli, ndugu yake mbaya, kwenye karibu 65. Lakini Tabora haiko usawa wa bahari. Tuko mita zipatazo 1,200 juu, hewa inayotugandamiza ni nyepesi kuliko ya Bagamoyo, na maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto zipatazo 96. Nimeona wanafunzi wakipima, wakapata 96, wakafuta na kuandika 100 kwa sababu kitabu kimesema 100. Nawasihi waache 96 yao. Kipimajoto hakikukosea, kimewapa urefu wa mlima waliosimama juu yake bila kujua.

Jambo la pili ni kwamba vimiminika vilivyochanganyika haviondoki kwa zamu, kimoja kikiisha ndipo kingine kianze. Vinapanda pamoja, ila kilicho chepesi kinapanda kwa wingi zaidi. Pombe yenye kileo sehemu 5 kwa 100 ikichemka, matone yake ya mwanzo yanaweza kufikia theluthi moja ya kileo, kisha ukali unashuka kadiri chungu kinavyochoka, mpaka mwishoni yanatoka maji tu. Ukiyakeneka matone hayo mara ya pili, ukali unapanda tena. Lakini kuna kikomo. Ukikeneka hata mara mia, kileo kikikaribia sehemu 96 kwa 100 kwa uzito, maji yaliyobaki yanashikamana nacho na kupanda nacho pamoja. Huko mbele ya kitabu tutaona ni kwa nini, na ni sura ninayoipenda kuliko zote.

Sasa njia ambayo ujuzi huu ulifika kwetu. Mtu akisema njia hapa Tabora, mzee yeyote anajua unasema njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe, na hapa ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kuelekea Karagwe na Buganda. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857 walikuwa njiani zaidi ya miezi minne. Walikuta tembe za wafanyabiashara wenye asili ya Oman, mashamba, bustani, na mwenyeji mkarimu aitwaye Snay bin Amir. Walikuta pia kinywaji kilichokuwapo kabla ya tembe hizo: pombe ya mtama, iliyopikwa na wanawake wa Kinyamwezi kwa kimea, na asali ya miyombo iliyochanganywa na maji ikaachwa ichachuke.

Uchachuaji ulikuwa ujuzi wa hapa. Ukenekaji ulikuja kwa njia. Pwani ulikuwapo zamani: kamusi kongwe za Kiswahili zina neno zarambo, kileo kikali kilichokenekwa kutokana na tembo la mnazi, neno ambalo leo wengi hawalijui tena. Huko Oman, kwenye Jabal Akhdar, watu walikeneka na hadi leo wanakeneka maua ya waridi. Wanaweka maua na maji kwenye chungu, ndani yake wanakalisha chombo kidogo cha kukingia, juu wanafunika kwa bakuli la shaba lililojaa maji baridi. Mvuke unapanda, unagonga kitako cha bakuli, unadondokea kwenye kile chombo kidogo. Maji yanayopatikana ndiyo marashi ya waridi, yale tunayonyunyiziwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusini. Nyuma ya chombo hicho kuna karne nyingi za elimu. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya kemia ya manukato na ukenekaji. Wazungu walichukua chombo pamoja na jina lake, al-anbiq, na walichukua pia neno al-kuhl, ambalo kwanza lilikuwa wanja wa machoni, wakaligeuza likawa alkoholi. Kwa hiyo Mwislamu wa Tabora anayedhani elimu hii haimhusu, namkaribisha kwanza. Sehemu kubwa ya msingi wake ilijengwa na watu waliotafuta manukato na dawa.

Njia ya pili ilikuwa ya askari. Mjerumani Hermann Wissmann alipounda jeshi lake 1889, askari wake wa mwanzo wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Cairo, na mwaka uliofuata Emin Pasha aliingia Tabora na kupandisha bendera ya Ujerumani. Wasudani na Wanubi, mahali pengi walipoweka kambi Afrika ya Mashariki, walijulikana kwa kukeneka. Kibera, Nairobi, kileo chao kilikuwa maarufu hata Waingereza wakakiita jini ya Wanubi. Na katika Afrika ya Kati, bomba la baadhi ya wapikaji lilikuwa mtutu wa bunduki chakavu uliopitishwa kwenye maji. Fikiria ni bunduki ngapi zilipita Unyanyembe wakati wa vita vya mtemi Mirambo na baadaye vya mtemi Isike. Chuma kilikuwapo tele, kikisubiri mtu wa kukipa kazi nyingine.

Mwaka huohuo wa 1890, tarehe 2 Julai, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Tunaukumbuka kwa kupinga biashara ya utumwa, lakini ulikuwa na sura juu ya vileo vilivyokenekwa: uliweka ukanda kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini ambamo uingizaji na utengenezaji wa vinywaji hivyo ulizuiwa au kutozwa kodi. Tabora, kwenye latitudo 5 kusini, iko ndani kabisa. Mwaka 1919 mkataba wa Saint-Germain-en-Laye ukakaza zaidi. Ukitaka kuelewa kwa nini kilimo cha tumbaku kilikuja na mabwana shamba, vyama vya ushirika na maghala, lakini gongo ikaja kwa kujificha vichakani, anzia hapo. Mwafrika hakukatazwa kupika pombe ya mtama. Kilichokatazwa ni kile cha bomba. Kwa hiyo ujuzi wa bomba ulikua usiku, bila shule, bila kipimajoto, bila mtu wa kusahihisha, na madhara yake tunayo hadi leo.

Wenye mamlaka wenyewe walikeneka walipobanwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokata meli za kutoka Ulaya, taasisi ya utafiti ya Amani kule Usambara, iliyoanzishwa 1902, iligeuka kiwanda. Katika miezi 18 ya mwanzo ya vita ilitoa, pamoja na dawa, sabuni na chokoleti, chupa 15,200 za wiski na vileo vingine. Huku Tabora, reli ilikuwa imefika mjini 1912. Reli hiyo iliniletea mimi somo lingine: ilileta sukari nyeupe. Mpikaji hakuhitaji tena kungoja mtama uote kimea wala asali irinwe. Gunia la sukari, hamira na maji vilitosha. Ladha ikapungua, wingi ukaongezeka.

Nilitaka kuona kazi yenyewe kwa macho yangu, na miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa kwa mama mmoja nje ya mji ambaye wakati huo alikuwa ameshaacha kupika ili kuuza. Nilimkuta anachambua mboga. Nikamwambia shikamoo, akaitika, akaniuliza habari za kazi, habari za nyumbani, habari za mvua, na ndipo akaniuliza nataka nini. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo. Kisha akaanza kunichorea chini kwa kijiti.

Alichora pipa. Alichora bomba likitoka juu ya pipa na kushuka kwa mteremko. Alichora mtaro wa maji. Halafu akaanza kusema mambo ambayo sijayasoma kokote. Alisema mahali bomba linapoingia kwenye pipa pazibwe kwa udongo wa kichuguu uliopondwa na kulainishwa, maana udongo wa kawaida hupasuka ukikauka na mvuke hutoroka. Alisema pombe iliyokomaa huijua kwa kusikiliza: ukiweka sikio kwenye mdomo wa chombo ukasikia mchemko mdogomdogo, bado, pakinyamaza, imeiva. Alisema moto ukizidi, povu hupanda na kuingia bombani, na matone hutoka yamechafuka. "Ukiona tone lina rangi, mwanangu, ujue umelipika, hukulikeneka." Hakutumia neno kukeneka, alisema "hukulichuja kwa moto." Niliandika kwenye daftari jinsi alivyosema.

Nikamuuliza juu ya matone ya mwanzo. Akasema kikombe cha kwanza unamwaga chini, kina harufu kali inayopanda puani na kumuumiza mtu kichwa. Hapo alikuwa sahihi, na kemia inamuunga mkono: mwanzoni hutoka asetaldehidi na asetati ya ethili, vitu vyepesi vyenye harufu kali. Lakini wapikaji wengi wanaamini pia kwamba kumwaga kikombe hicho kunaondoa methanoli yote, na hilo si kweli. Methanoli ikiwa ndani ya mchanganyiko wenye maji na ethanoli haitoki yote mwanzoni. Inatawanyika kuanzia tone la kwanza hadi la mwisho. Wala kuwasha kijiko cha kileo na kuona mwali wa bluu hakuthibitishi usalama, kwa kuwa methanoli nayo ina mwali wa bluu hafifu. Nalisema hili mapema katika kitabu kwa sababu imani hizo mbili zimewapa watu ujasiri wasiostahili kuwa nao.

Tukae kidogo hapo kwenye methanoli. Inatokana hasa na pektini, kile kinachoyapa matunda ugumu. Miembe iliyoachwa na misafara, ile inayotupa kivuli mjini hadi leo, ina maembe yenye pektini nyingi. Kileo cha maembe kitakuwa na methanoli zaidi ya kileo cha asali, ambayo karibu haina pektini kabisa. Hata hivyo, kiasi kinachotokana na uchachuaji wa kawaida mara nyingi ni kidogo. Vifo vikubwa tulivyovisikia vina chanzo kingine. Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa kinywaji kilichotiwa methanoli ya viwandani. Muuzaji alitaka ukali kwa bei rahisi. Dalili hazitokei hapohapo. Zinaweza kuchelewa nusu siku au zaidi, macho yakaanza kuona ukungu mweupe, tumbo likauma, pumzi ikawa ya haraka. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa ileile, asilazwe ndani apoe.

Kuna sumu nyingine isiyopiga kelele. Wengine hutumia rejeta ya gari kuukuu kupozea mvuke, na rejeta imeunganishwa kwa risasi. Wengine hutumia pipa lililobeba dawa za tumbaku. Hapa kwetu, mkoa wa tumbaku, hilo ni jambo la kuogopwa kweli. Pipa likioshwa mara kumi bado lina kumbukumbu ya lilichobeba.

Sheria nayo uijue kabla ya kununua hata mrija. Tanzania ilitunga mwaka 1966 sheria inayotaja gongo kwa jina lake la zamani, Moshi, na kwa sheria hiyo kukeneka kileo bila leseni ni kosa, na kukutwa nacho ni kosa. Haijalishi kama ni cha kuuza au cha kuonja mwenyewe. Uganda ilikwenda njia inayofanana: Sheria ya Enguli ya 1965 iliwataka wapikaji wawe na leseni na wauzie kiwanda, na kiwandani kikakenekwa upya na kuwa Uganda Waragi. Kwetu kuna Konyagi, iliyochukua jina lake kutoka Cognac ya Ufaransa. Kenya ilipiga marufuku chang'aa 1980, kisha 2010 ikairuhusu kwa masharti ya leseni na chupa. Mimi sikushauri uvunje sheria, na kitabu hiki hakina somo hata moja linalokutaka ukeneke kileo nyumbani. Ambaye moyo wake uko huko aende kwa njia ya leseni, au aingie kiwandani kama mfanyakazi, au ajiunge na maabara ya chuo. Lakini nasema wazi kwamba ningependa siku moja kuona leseni ndogo, ya kikundi cha wanawake wenye chombo cha shaba safi, kipimajoto, asali ya miyombo na mtu wa kuwapimia. Ujuzi wa yule mama unastahili kukaguliwa kwa mwanga wa mchana.

Basi uanze na nini? Anza na maji, kisha majani, kisha maua.

Maji yaliyokenekwa unayajua: ndiyo maji ya betri. Ukiyakeneka mwenyewe utajifunza kwanza gharama ya moto. Kuchemsha lita moja ya maji ya kawaida mpaka yatokote ni kazi ndogo. Kuigeuza lita hiyo yote kuwa mvuke kunahitaji joto zaidi ya mara saba ya lile la kuifikisha kwenye mchemko. Halafu joto hilo lote lazima liondolewe upande wa pili: kurudisha mvuke wa lita moja kuwa maji unahitaji karibu ndoo ya lita 20 ya maji baridi, nayo itaishia kuwa vuguvugu la kuogea. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nielewe kwa nini wapikaji wote hujenga karibu na kijito au kisima, na kwa nini mahali pao miti huisha. Miyombo yetu ina mzigo wa kukausha tumbaku, mzigo wa mkaa, mzigo wa mizinga ya magome inayoua mti mzima kwa ajili ya mzinga mmoja. Anayejifunza kukeneka ajifunze kutumia kuni chache, la sivyo atawanyima nyuki maua yaleyale anayotaka asali yake.

Juu ya asali nitasema machache, ingawa ningeweza kujaza kurasa. Asali nzuri ina maji chini ya sehemu 20 kwa 100, na ndiyo maana haichachi. Iongeze maji, vipimo vitatu au vinne kwa kipimo kimoja cha asali, nayo inaamka. Hiyo ndiyo wanzuki. Huhitaji kuikeneka wala kuinywa ili ikufundishe: weka kiasi kidogo kwenye chupa ya kioo iliyofunikwa kitambaa, uinuse kila asubuhi kwa wiki mbili, uandike. Siku ya kwanza utanusa maua. Baadaye mkate. Baadaye, ukiwa mzembe wa usafi, siki. Kama asali ilirinwa kwa moto mkubwa, utanusa moshi mpaka mwisho, na moshi huo unaweza kupanda mpaka bombani. Pua ni chombo cha kwanza cha elimu hii, nayo hainunuliwi.

Majani sasa. Chukua sufuria pana yenye mfuniko wa mviringo uliobonyea. Katikati weka kijiwe kilichooshwa, juu yake bakuli la udongo au la kioo. Kuzunguka bakuli weka viganja viwili vya mchaichai uliokatwakatwa, tia maji yasifike ukingo wa bakuli. Funika kwa kugeuza mfuniko, kishikio kielekee chini juu ya bakuli, na kwenye mbonyeo wa juu mimina maji baridi. Weka kwenye mkaa wenye moto mdogo. Maji ya juu yakipata joto, yatoe kwa kata na utie mengine. Ni kile chombo cha Jabal Akhdar, ulichokijenga kwa vyombo vya mama yako. Usikitumie kwa kileo kamwe, maana mvuke wa kileo ukitoroka pembeni na kukutana na mkaa unalipuka. Kwa mchaichai, mkaratusi, au waridi ukiyapata, hakina hatari zaidi ya ile ya uji wa moto. Miezi mizuri ni Juni na Julai, asubuhi mapema, wakati maji ya mtungi wa Tabora yana ubaridi wa kuuma meno.

Jaribio hilo nililifanya kwa mara ya kwanza mbele ya darasa, na nilimwalika yule mama. Alikuja na khanga mpya, akaketi kwenye dawati la nyuma. Nilieleza shinikizo la hewa, nikaeleza joto fiche, lile linalogeuza maji kuwa mvuke, nikafunua na kufunika. Bakulini mlikuwa na vijiko vichache tu vya maji, yana harufu, lakini harufu ya majani yaliyochemshwa sana. Wanafunzi wakaja mmoja mmoja kunusa. Yeye alikuja wa mwisho. Hakunusa bakuli. Aliinama akaangalia mkaa, akaomba koleo, akatoa vipande vitatu vilivyowaka na kuviweka pembeni, akabakiza viwili.

"Ngoja sasa," akasema.

Tulingoja. Sauti ya mchemko ilishuka ikawa mnong'ono. Akaweka sikio karibu na mfuniko, akanionyesha kwa kidole: tone moja, kimya, tone moja, kimya, karibu nafasi ya kuvuta pumzi kati ya moja na lingine. Tulipofunua baada ya nusu saa, juu ya maji ya bakuli palikuwa na utando mwembamba wa mafuta ya mchaichai uking'aa kwenye mwanga wa dirisha, na harufu ilifika mpaka kwenye dawati la mlangoni.